Sikulazimishi

Askari wa serikali waliondoka mjini asubuhi bila kumuaga mtu, na kufika adhuhuri karibu kila mwenye miguu alikuwa barabarani na furushi lake kichwani. Fundi Kitasa alibaki. Hakubaki kwa ushujaa. Mama yake alikuwa na pumu na magoti yaliyogoma siku nyingi, na mkokoteni walioahidiwa na jirani uliondoka umebeba friji. Watoto walikuwa wameshatangulizwa kwa mama yao mdogo, kwa hiyo nyumbani walibaki watatu: fundi, mkewe, na mama yake, bibi, kitandani. Bibi aliposikia kwamba nafasi yake imechukuliwa na friji alicheka mpaka akapaliwa.

"Na kweli," alisema alipopata pumzi. "Friji halikohoi."

Waliouteka mji waliingia kesho yake. Hawakufyatua risasi hata moja kwa sababu hapakuwa na wa kumpiga. Walipita sokoni polepole, wakisoma mabango ya maduka kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga, na mmoja wao akasimama mbele ya kibanda chenye ufunguo mkubwa wa bati juu ya mlango. Alikuwa kapteni, mwembamba, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kuongea ofisini. Alibisha hodi. Fundi, aliyekuwa ndani akikusanya tupa na bisibisi zake azifiche, hakujua la kufanya na mtu mwenye bunduki anayebisha hodi, akasema karibu.

"Wewe ndiye fundi wa vitasa, mzee?"

"Ndiye mimi."

"Vijana wangu wanakagua nyumba zilizoachwa. Wanatafuta silaha. Wakikuta mlango umefungwa wanaupiga mateke, na mimi sipendi kuona mji umebaki mapengo. Nataka mtu wa kunifungulia kistaarabu."

Fundi alikuwa akingoja sehemu ya pili ya maneno yale, ile ya bunduki. Haikuja.

"Na nikikataa?" aliuliza, akashangaa kuisikia sauti yake mwenyewe.

"Ukikataa, basi. Utarudi kwako na hakuna atakayekugusa. Sikulazimishi, mzee. Ukikubali utapata unga, na kama kuna mgonjwa nyumbani, daktari wetu ana dawa."

Fundi alimtazama usoni akitafuta mzaha, akakosa. Angefurahi zaidi kama angetishwa. Mtu akitishwa anajua la kumwambia mkewe jioni. Huyu alikuwa amemwachia neno mkononi, naye hakuzoea kushika kitu cha namna hiyo. Alifikiri kuhusu mama yake, jinsi alivyokuwa akivuta hewa kwa mabega usiku kucha. Alifikiri pia, na hili alilificha hata moyoni mwake, kwamba watu wamemkimbia na mzigo wake kitandani bila hata kugeuka. Akavaa koti.

*

Siku za mwanzo alijipa sababu, na sababu zenyewe hazikuwa mbaya. Mlango uliofunguliwa kwa waya unafungika tena. Mlango uliopigwa teke umekwisha. Jirani akirudi atakuta kitasa chake kizima, atashukuru. Hivyo ndivyo alivyomweleza mkewe huku akiweka mfuko wa unga mezani, na mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akaufungua mfuko, akaunusa.

"Hauna wadudu," alisema, akaenda kuchemsha maji.

Ndani ya nyumba za watu fundi aliyaona mambo ambayo hakuwahi kuombwa kuyaona. Uji uliokaukia sufuriani. Kitanda kilichotandikwa vizuri na mtu aliyedhani atarudi jioni. Kiatu kimoja cha mtoto, cha pili kikiwa sijui wapi njiani. Silaha hazikuonekana. Zilizoonekana ni redio, magodoro, na mapazia, na vyote vilipandishwa kwenye lori kwa maelezo kwamba askari nao wanalala. Lori lilipoondoka yeye alibaki nyuma kidogo, akaingiza waya, akafunga. Alizifunga nyumba tupu kwa uangalifu uleule aliokuwa akifungia mlango wa benki.

"Mzee, unafungia nini?" askari mmoja alimuuliza. "Mende?"

Wenzake walicheka, na fundi akajikuta anatabasamu pamoja nao. Tabasamu lile lilimuudhi njia nzima. Alikwenda akilisugua mdomoni kwa kiganja kama mtu aliyekula kitu cha mafuta.

Kilichomtisha zaidi, hata hivyo, ni kwamba kazi ilikuwa tamu. Miaka yote alikuwa fundi wa kutengeneza funguo zilizopotea na kulegeza kufuli zenye kutu. Sasa mji mzima ulikuwa mbele yake, kila mlango na hila yake, na vidole vyake viliamka. Kuna kitasa kimoja cha zamani kwenye nyumba ya mwenye mashine ya kusaga kilichomshika muda mrefu, na kilipokubali, kikalia kwa ndani, alisikia raha mpaka utosini. Kisha akageuka, akawaona askari wakimngoja na magunia.

*

Mkewe ndiye aliyeanza kulipa. Mshonaji wa mtaa, rafiki yake wa tangu usichana na mmoja wa wachache waliobaki, alimrudishia kitambaa chake kikiwa hakijakatwa.

"Kasema cherehani imeharibika," mkewe alimsimulia akiwa anapepeta unga. "Na wakati anasema hivyo, binti yake yuko nyuma yake anashona. Hata hakumwambia asimame kidogo."

"Labda ni cherehani nyingine."

"Ana cherehani ngapi?"

Mkewe aliendelea kupepeta, bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira.

"Unajua wanakuitaje?"

"Fundi Kitasa."

"Hilo la zamani. Siku hizi wewe ni Ufunguo Malaya."

Ufunguo malaya ni ule unaofungua kila kitasa bila kuchagua. Fundi alikuwa nao mmoja kibandani, na miaka yote alikuwa akiwachekesha wateja nao: huyu, alikuwa akisema, hamkatai mtu. Alimtazama mama yake kitandani. Kwa kawaida bibi hangeuacha mzaha kama ule upite hivihivi. Safari hii aligeukia ukutani.

"Ulitaka nifanye nini?" fundi alimuuliza mkewe.

"Sijui. Mimi unga naupika, sina mdomo."

"Kama unajua ni vibaya, sema."

"Nikisema, utaacha?"

Alifungua kinywa amjibu kwamba hawezi, kwamba mambo haya hayako mikononi mwake, na maneno yakakwama. Kwa sababu kapteni alikuwa amemwambia waziwazi kwamba anaweza. Alikwenda nje akakaa kizingitini mpaka aliposikia chakula kimewekwa.

*

Mlango wa Mwalimu ulifikiwa asubuhi yenye jua kali. Mwalimu alikuwa ndiye aliyepita mitaani na kipaza sauti siku za mwisho akiwahimiza watu wasiukimbie mji wao, na kila mtu alijua kwamba hatimaye yeye mwenyewe alikimbia. Mama yake mzazi, kikongwe aliyeishi chumba cha jirani pamoja na mjukuu wake, ndiye aliyewaambia watu hivyo. Hata siku ile alikuwa akifagia mbele ya mlango wa mwanawe.

"Ameondoka na wenzake," aliwaambia kapteni na askari wake, akaendelea kufagia. Hakumtazama fundi.

Fundi alipiga magoti, akaingiza waya, na waya ukagota. Alijaribu pembeni. Ukagota tena. Palikuwa na ufunguo ndani ya tundu, upande wa pili. Mtu akifunga mlango na kwenda zake, ufunguo anao mfukoni. Huu ulikuwa umefungwa na mtu ambaye bado yumo.

Sauti ya ufagio ilikoma.

Kuusukuma ufunguo ule uangukie ndani na kufungua lilikuwa jambo dogo. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kutafuta pembe. Alivitazama kama vya mtu mwingine, kisha akavitoa.

"Hiki kimekufa," alisema bila kuinuka. "Kutu. Hakifunguki."

"Hakifunguki kabisa?" kapteni aliuliza.

"Kabisa."

"Kumbe kipo cha kukushinda."

"Kipo."

Kapteni alijifuta jasho shingoni, akaangalia nondo za dirishani, akaangalia jua. "Basi. Kesho vijana watakuja na nyundo. Twende mbele."

Ilikuwa hivyo tu. Fundi alisimama. Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Lilikuwa linasemeka. Lingesemeka mlango wa kwanza, na wa pili, na kwa mwenye mashine ya kusaga. Njia nzima alikuwa na furaha moja ya ajabu, na chini yake hesabu chungu. Kama leo ameweza, basi siku zote zile hakushindwa. Aliamua mwenyewe kufungua.

*

Jioni, kabla ya saa ya watu kujifungia kwa amri ya askari, alimwambia mkewe anatoka kidogo.

"Wapi?"

"Kwa Mwalimu. Yumo ndani. Kesho wanavunja."

Mkewe alimtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama kwa muda mrefu. "Utamficha wapi?"

"Nyuma ya kitanda cha mama. Hawaingii kwa mgonjwa."

"Mwambie apite uani," bibi alisema kutoka kitandani. "Na asiwe na miguu mirefu."

Mtaa ulikuwa kimya. Chumba cha kikongwe kilikuwa kimefungwa. Fundi aliinama kwenye tundu la ufunguo wa Mwalimu, akaongea humo.

"Mwalimu. Ni mimi, fundi. Asubuhi nilijua upo, nikawaambia kitasa kimekufa. Kesho wanakuja na nyundo. Toka twende kwangu."

Akarudia. Mwishowe sauti ilitoka karibu sana, kana kwamba mtu yule alikuwa ameegemea mlango muda wote.

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Wewe hutembei peke yako siku hizi."

"Niko peke yangu, Mwalimu. Wallahi."

"Wale wengine uliwafungulia. Mimi nina nini cha zaidi?"

Fundi alitafuta jibu la kweli, na la kweli halikuwa zuri. "Sijui," alisema. "Wale hawakuwamo."

"Kwa hiyo vitu vyao si kitu."

"Mwalimu, tutazungumza kwangu. Fungua."

"Nenda. Ukiwa peke yako, nenda. Nitakusikiliza unavyoondoka."

Lilikuwa ombi la haki, na fundi angelitii. Lakini kutoka upande wa soko zilisikika buti, doria ya jioni, zikija na mazungumzo. Kona moja tu ilibaki, na saa ya kujifungia ilikuwa imeshapita. Akiondoka watamkuta barabarani. Akibaki watamkuta mlangoni. Akiingia, wakatokea uani pamoja, watakuwa nyumbani kabla ya doria kugeuka. Hakumweleza Mwalimu haya yote. Hapakuwa na muda, au alidhani hapakuwa na muda. Alipiga goti, akaingiza waya, akausukuma ufunguo. Ulianguka sakafuni ukalia. Ndani alisikia pumzi ya mtu ikikatika, kisha miguu ikikimbia.

"Mwalimu, hapana," alisema, na mlango ukafunguka.

Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa wazi. Mwalimu alikuwa amezikata nondo zake siku nyingi, akijiandaa kwa siku watakayokuja kumfungulia. Risasi za doria, huko nje, zilikuwa mbili, zikaachana kidogo, kama mtu aliyefikiri katikati. Fundi alikuwa amesimama sebuleni na waya mkononi.

Askari walimkuta hivyo. Kapteni alifika baadaye, akauangalia mlango, akauangalia ufunguo sakafuni, akamwangalia fundi. Nje, watu wa mtaa walikuwa wamechungulia, na kikongwe alikuwa ametoka amesimama ukutani akiwa amemfunika mjukuu kwa kanga.

"Nilikuja kumtoa," fundi alisema.

"Na umemtoa," kapteni alisema. "Nilijua mtu kama wewe haachi kazi nusu."

Akamshika mkono akautikisa, mbele ya watu wote. Fundi hakuupeleka ule mkono. Lakini hakuurudisha pia, na baadaye hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

*

"Niambie kweli," mkewe alisema.

Alimwambia, tangu mwanzo mpaka mkono. Mkewe akamvua koti kama mtoto.

"Mimi nakuamini," alisema. "Lakini mimi nalala na wewe. Mwingine nani?"

Bibi alikuwa amesikia yote. Alimtaka mkwewe aichukue chupa ya dawa ya kapteni pale kwenye stuli akaitupe chooni. "Siinywi tena," alisema. "Mtoto wa mwenzangu yuko vumbini." Mkwewe aliichukua akaiweka kwenye dirisha la jikoni, kwa sababu alimjua. Alfajiri bibi alianza kuvuta hewa kwa mabega, mdomo ukabadilika rangi. Alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akanyoosha mkono gizani.

"Nipe," alisema. "Na usinitazame."

Fundi alimpa, akageuza uso.

Asubuhi alikwenda kwa kapteni, katika ofisi iliyokuwa ya posta. Alikuwa ameoga na kuvaa shati safi, kama mtu anayekwenda kufungwa. Alikuwa amemuaga mkewe.

"Sifungui tena," alisema.

Kapteni aliinua macho kutoka kwenye chai yake. "Sawa."

Fundi alingoja.

"Kuna jingine?"

"Ndiyo hivyo tu?"

"Nilikuambia tangu mwanzo, mzee. Milango imebaki michache, vijana wataipiga mateke."

Alibaki amesimama. Alitaka kitu, hata kofi. "Naomba mwili wa Mwalimu, akazikwe."

"Chukueni. Na dawa ya mama yako ikiisha, mtume mkeo. Mgonjwa hayumo vitani."

Akatoka akiwa hajapigwa, hajatukanwa, hajanyimwa kitu. Jua lilikuwa likiwaka kama siku nyingine yoyote. Alipita mbele ya nyumba alizozifungua, moja baada ya nyingine, zote zimefungwa vizuri, na kila moja alijua sasa kwamba angeweza kuipita hivi hivi na mikono mfukoni.

*

Walimzika Mwalimu mchana, wazee wachache na wanawake waliobaki. Fundi alifika akauliza kama kuna jembe. Mtu aliyekuwa akichimba alimpa lake mara moja, haraka mno, akapanda kutoka shimoni na kusimama mbali. Mazungumzo yalishuka. Alichimba peke yake kwa muda, na hakuna aliyemwambia pumzika wala aliyempokea.

Kaburi lilipofukiwa alisafisha mikono kwa udongo mkavu, akawageukia.

"Jamani," alisema. "Jana nilikwenda kumwonya."

"Tunajua, fundi," mume wa mshonaji alijibu upesi. "Tunajua kabisa. Hapana aliyesema vingine."

"Nilitaka kumficha kwangu."

"Ndiyo. Kila mtu anajua." Na wote wakatikisa vichwa kukubali, mmoja mmoja, macho yao yakiwa shatini kwake, si usoni. Fundi aliona kwamba hata angewaambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa ndani ya kaburi, wangekubali.

Akamwendea mama wa marehemu. Kikongwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, mjukuu kasimama nyuma yake. Fundi aliinama mbele yake mpaka chini.

"Shikamoo, mama. Pole."

Kikongwe hakuitikia. Alishika bega la mjukuu, akainuka taratibu, ikachukua muda, hakuna aliyemsaidia. Aliposimama alikunja magoti yake kidogo, yale magoti ya mtu wa miaka ile, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Mama, mimi ni mwanao. Mimi ndiye wa kukuamkia."

"Shikamoo," alirudia, kwa adabu, kama anayemkumbusha kiziwi. "Nimebaki na huyu mjukuu tu. Mlango wetu tumeuacha wazi, usije ukasumbuka."

Watu walikuwa wamesimama kama walivyokuwa. Kikongwe hakuinua kichwa. Alikuwa akingoja kuitikiwa, na magoti yake yalikuwa yameanza kutetemeka, na ilionekana wazi kwamba atangoja hivyo hivyo mpaka aanguke. Fundi aliwatazama waliomzunguka mmoja mmoja akitafuta hata mwenye chuki. Hakumpata.

"Marahaba," alisema.

Kikongwe akashukuru, akamshika mjukuu mkono, wakaondoka.